Mlango Ukielekea Mlimani

Kambi ya ndege,
Jumanne asubuhi.

Kwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo haukusumbui tena tangu mlipobadilisha lile godoro. Watoto hawajambo? Yule kitinda mimba ameacha kula chaki, au bado mnamfukuza nyumba nzima mkimpanua mdomo? Mwambie mama yake mdogo anamkumbuka sana. Shemeji sitamuulizia hali, na ukiendelea kusoma utajua kwa nini. Mimi mwenyewe kwa mwili sijambo. Nakula, navaa sare, nikiitwa naitika. Moyoni ndiko kulikovurugika, na ndiyo maana nimeona niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu unanishinda. Tangu nikiwa mdogo, ukishaniita kwa ile sauti yako ya upole mimi huwa nimekubali kabla sijajua nakubali nini. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Najua umesikia redio. Wamesema operesheni ya uokoaji imefanikiwa, majeshi ya nchi nne yameshirikiana bega kwa bega, wahandisi wa bwawa wametolewa mikononi mwa waasi wakiwa salama salimini. Wakapiga na muziki juu yake. Hawakusema kwamba Mkunga, yule mama anayeendesha zahanati kando ya uwanja tuliokuwa tukitua, bado yuko kule pamoja na majeruhi na wajawazito aliokuwa akituandalia tuwaondoe kwa safari zilizobaki. Dawa zimewaishia, waasi wamewazunguka, na hakuna ndege inayothubutu kutua. Watatoka au hawatatoka, dada, hilo ndilo linaloninyima raha, na hayo mengine yote ninayokuandikia yamesimama juu ya hilo.

Wewe siku zote unawaambia majirani kwamba mdogo wako anarusha ndege, nami nimechoka kukusahihisha. Sirushi hata kishada. Mimi ni mtu wa tumboni. Napanga kila kinachoingia katika tumbo la ndege ya mizigo, nakifunga mikanda kisicheze, tukitua nafungua ule mlango mkubwa wa nyuma, nashusha vilivyokuja, napakia watu, nafunga. Rubani wetu, mzee mmoja wa kunung'unika asubuhi mpaka jioni, husema bila mimi yeye ni dereva wa basi lisilo na milango. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, na nimeitunza.

Uwanja wenyewe ni njia ya udongo tu, na juu yake kuna mlima. Mlimani wamekaa waasi na mizinga yao. Wangetaka, wangetumaliza hata magurudumu hayajagusa chini. Kilichotulinda kilikuwa makubaliano yaliyopitia kwenye redio ya Mkunga, maana ndiye pekee aliyesikilizwa na pande zote. Kila upande una mtoto aliyemzalisha. Makubaliano yalikuwa mepesi kueleza. Ndege italeta dawa na wauguzi, itaondoa wagonjwa na raia. Askari hapana, bunduki hapana.

Na kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, kukawekwa utaratibu. Tukishatua, rubani anaigeuza ndege mwisho wa njia mpaka mkia uelekee mlimani. Mimi nashusha mlango wote, natoka wa kwanza, peke yangu, mikono nimeinyoosha, nasogea kando ili mlima uone tumbo la ndege mpaka ndani kabisa. Halafu mtu wao anashuka, anachagua sanduku moja analotaka yeye, nami namfungulia mbele ya macho yake. Akiridhika anapunga kitambaa cheupe, kazi inaanza. Majeshi ya nchi nne, majenerali na ramani zao zinazojaa ukuta, lakini wokovu wa watu ulitegemea mwanamke mmoja kunyoosha mikono na mwanamume mmoja kuchagua sanduku. Nilikuwa nikilifikiria jambo hilo nacheka peke yangu.

Mtu wao tulimwita Darubini, kwa sababu hakuivua shingoni hata siku moja. Zamani alikuwa msaidizi wa mpima ardhi. Aliniambia kwamba maisha yake yote amepima mashamba ya watu wengine, yeye hajawahi kumiliki hata pa kufukia paka. Simsafishi, dada. Wenzake wamechoma nyumba za watu, na sidhani kwamba yeye alikuwa amekaa akiwatazama tu. Lakini alikuwa mtu wa utani. Akifika huketi juu ya pipa moja tupu, anavua kiatu, anakung'uta mchanga, ananiuliza leo nimemletea nini. Mimi humjibu nimemletea hewa safi ya mjini, ajaze mapafu na arudishe chenji. Anacheka mpaka anakohoa. Kisha anageuka mkali ghafla, ananyoosha kidole, lile pale, la chini kabisa. Siku zote alichagua la chini kabisa, ili anisumbue tu kushusha ya juu. Tulikuwa tunatukanana kama mtu na shemejiye, na nyuma yetu Mkunga amepanga machela kwenye majani, anatupigia kelele tuache upuuzi wetu, watu wanaumwa.

Safari zikawa nyingi. Siku moja nilipoanza kushusha masanduku akanizuia. Akasema amenichoka, nikisema ni dawa basi ni dawa, jua kali, tufanye kazi. Akapunga kitambaa bila kuchagua. Na safari iliyofuata vivyo hivyo. Nilisikia kitu kifuani ambacho sijawahi kukisikia kwa kupandishwa cheo. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kunishuku ameacha kunishuku.

Sasa tuje kwenye ile Jumapili uliyonialika chakula cha mchana.

Nilifurahi mno. Ulikuwa hujaniita miezi mingapi? Nikaja na mkono wa ndizi na viatu nimevipiga rangi. Ulipika vizuri, ukaniwekea paja, kitu ambacho nyumbani kwako kina wenyewe. Shemeji alikuwepo, anakula kimya, anasoma simu yake. Nawe ukaanza kuniuliza habari za kazi. Wewe, dada! Wewe ambaye nikitaja ndege unaanza kupiga miayo. Ukaniuliza hivi huyo mtu wa waasi yukoje. Ukaniuliza kama bado anatafuta masanduku. Ukasema mdogo wangu jasiri, mimi ningezimia, hebu nisimulie tena akija anafanyaje. Ukanivika kilemba cha ukoka nami nikakaa nacho kichwani kama malkia. Nikasema kila kitu. Nikajisifu, tena kwa mkono kifuani, kwamba hachagui tena, kwamba ananiamini mimi, kwamba nikishuka mimi hata mlangoni haangalii. Shemeji hakuinua macho kutoka kwenye simu. Nakumbuka uliniongezea mchuzi.

Wiki iliyofuata shemeji alikuja mwenyewe uwanjani kwetu kambini kutuaga. Unajua yeye ni afisa wa mipango katika makao ya pamoja. Watu wa cheo chake huwa hawakanyagi pale, vumbi linaharibu suruali. Kulikuwa na wauguzi wapya, wanaume tupu, vizibao vyeupe vipya kabisa, buti za aina moja. Nikauliza. Akasema ni msaada wa nchi mojawapo, wao hutoa sare mpaka kwa wapishi. Masanduku yalikuwa mazito. Vijana wa kupakia waliyasukuma kwa mabega, na masanduku ya dawa hayasukumwi hivyo. Nikauliza tena. Akasema ni vifaa vya upasuaji, vya chuma, vimefungwa kwa utepe visiingiwe na vijidudu, nisivifungue mpaka vifike. Nikasema Darubini akichagua itanibidi nifungue. Shemeji akatabasamu. Akaniita mdogo wangu. Akaniambia kwa jina la dada yako, hamna kitu humo cha kukutia aibu.

Kwa jina lako. Nikaamini, nikafunga mikanda.

Tukatua. Rubani akaigeuza ndege, nikashusha mlango, nikatoka, nikanyoosha mikono. Darubini akaja anachechemea, akaketi kwenye pipa, akavua kiatu, akauliza leo nimemletea nini. Nikamjibu jibu letu lilelile. Akacheka. Akapunga kitambaa.

Sitakueleza yote. Wale wauguzi walishusha masanduku mawili, wakayaweka nyuma ya gurudumu, wakakata utepe. Niliona mgongo wa mmoja ukiinama na kuinuka, na alipoinuka hakuwa muuguzi tena. Darubini alikuwa wa kwanza. Kiatu bado kilikuwa mkononi. Kabla hajaanguka alinitazama, dada. Hakumtazama aliyempiga, alinitazama mimi. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale kando ya mlango na mikono yangu hewani kama mjinga.

Wengine wa wale wauguzi bandia wakakimbilia upande wa bwawa, helikopta zikatokea nyuma ya mlima, na ninavyosikia wahandisi walichukuliwa kabla mzinga haujageuzwa vizuri. Ilipangwa ikapangika, siwezi kukataa. Sisi tukaamriwa kuruka mara moja. Kwenye majani kule machela zilikuwa zimepangwa. Mkunga alikuwa ameshamshika mkono mama mmoja mwenye uchungu anamwongoza kuja kwangu. Rubani alikuwa anapiga kelele kwenye masikio yangu kwamba tunakufa hapa, funga, funga. Nikafunga. Kidole hiki changu ndicho kilichobonyeza. Mlango ule unapanda polepole sana, na niliwaona wote mpaka ukamalizika kupanda. Tulipotua kambini rubani, yule mzee wa kunung'unika, alizima injini akabaki amekaa kwenye kiti chake analia. Naye hakuwa ameambiwa.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa shemeji. Nilikuwa na vumbi na sijui na nini kingine kwenye sare, mlinzi akataka kunizuia nikampita. Kulikuwa na watu wanapeana mikono. Nilisema mengi, mengine siyo ya kuandikia mtu mzima. Shemeji akafunga mlango, akanisubiri nimalize, akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba maisha ya wahandisi wale yalikuwa hatarini, kwamba nchi yao ndiyo inayotupa mafuta ya ndege, kwamba katika vita kila mtu hutumika kwa namna yake. Halafu akasema yeye hajawahi kuniuliza hata swali moja. Nilijisemea mwenyewe, kwa hiari yangu, mezani.

Kweli, hakuniuliza. Nilitoka pale nikiwa nimejipiga marufuku kufikiria maana ya maneno hayo. Nilijiambia ni bahati mbaya, dada aliuliza kwa upendo tu, mumewe akadokoa alichodokoa. Nilikutetea, unanielewa? Usiku na mchana nilikutetea mbele ya kichwa changu mwenyewe.

Halafu ukapiga simu. Ukaniambia nitulie, nisimponze shemeji yangu, cheo chake kiko njiani na watoto wanasoma. Hayo nilikuwa nimeyatarajia. Nikakuuliza kwa nini hawakunieleza nikachagua mwenyewe kwenda au kutokwenda. Nawe ukajibu harakaharaka, bila hata kuvuta pumzi, kwamba tulijua ungeambiwa usingekubali.

Tulijua.

Nadhani hata wewe ulilisikia likitoka, maana ulianza kuzungumzia chaki. Kumbe lile paja la kuku lilikuwa na kazi yake. Kumbe ulinialika kunikamua. Dada, ningeuzwa na jeshi ningelia nikanyamaza, jeshi halikunilea. Wewe uliyenifunga nywele mpaka nikaingia sekondari, uliyegombana na mwalimu wa hesabu kwa ajili yangu, ndiwe uliyenichota maneno kwa kijiko mezani kwako, ukayapeleka yakaue mtu na kufungia wagonjwa nje. Nimeumia. Sina neno la kulipamba. Nimeumia na nina hasira nawe, na sijui hasira hii itakwisha lini.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Juzi redio ya Mkunga ilisikika tena. Waasi wamempa ujumbe. Watafungua anga kwa ajili ya wagonjwa, safari zote zitakazohitajika, kwa masharti mawili. La kwanza, yule mwanamke wa mlangoni aseme redioni, sote tusikie, nani aliweka bunduki kwenye masanduku. La pili, aje mwenyewe na ndege ya kwanza, abaki pale chini ya mlima mpaka mgonjwa wa mwisho aondoke. Jeshi letu limekataa katakata. Nimeambiwa nikifungua mdomo nitavuliwa sare na kushtakiwa kwa kutoa siri za vita. Lakini mkuu wa kikosi cha nchi nyingine, ambaye naye alifichwa na sasa anaona haya kukaa meza moja na akina shemeji, amesema redio yake iko wazi na ndege yake ina mafuta. Rubani wetu ameomba likizo ya ugonjwa, kisha akaenda kumwambia mkuu huyo kwamba mgonjwa anaweza kurusha ndege.

Nimeshasema. Leo asubuhi, kabla ya kukaa kuandika. Nilitaja jina langu kamili na kazi yangu. Nilieleza masanduku, utepe, vizibao. Nilimtaja shemeji kwa jina na cheo. Kwa hiyo cheo kile usikingoje. Najua watoto watauliza, na najua utasema mama mdogo ndiye aliyewavunjia nyumba. Sema. Sitakuwepo kubisha.

Walipouliza redioni jinsi makao ya pamoja yalivyojua kwamba Darubini hachagui tena, nilisema niliropoka chakulani. Sikukutaja. Hapo nilikuwa mdogo wako kwa mara ya mwisho, na ilinigharimu. Wenye mlima waliridhika. Mkunga hakuridhika. Unajua wakunga, wamezoea kungoja kitu mpaka kitoke. Akauliza niliropoka kwa nani. Nikamwambia mawimbi ni mabaya, nitamjibu nikifika.

Masanduku yanapakiwa sasa. Nimefungua kila moja mwenyewe, nikaingiza mkono mpaka chini, na watu wananitazama kama kichaa. Nisalimie watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Nisalimie yule jirani wa cherehani, mwambie gauni langu asiliharakishe. Mgongo wako uuangalie, usibebe ndoo mbili kwa pamoja. Barua hii nampa dereva wa kambi, itakufikia kesho, nami nitakuwa nimeshaketi kule zahanati karibu na yule mama ambaye nilimfungia mlango, kama bado yupo.

Mkunga ataniuliza tena, dada, na yeye sitamdanganya. Redio yake inashika mpaka mjini. Kwa mkuu yule wanajua namna ya kukuunganisha. Ukitaka asikie kutoka kwako, una muda mpaka ndege ya mwisho iondoke. Baada ya hapo atasikia kutoka kwangu.

Ni mimi,
mdogo wako.